KUKUBALI MATOKEO KUNAANZIA KWENYE DAFTARI

*TAARIFA YA OFISI YA KATIBU KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



 Taarifa hii ni ndefu kuliko zile tulizozoea kutuma. Tunaomba isomwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa, na asiye na simu asomewe na jirani yake.

Tangu mkutano mkuu wa tawi uliopita hatujatulia. Mnaikumbuka hoja iliyokuwa mezani: mchakato wa Katiba Mpya ukiendelea, tawi lipeleke kata maoni gani? Tuanzie kwenye Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, au tuanzie kwenye Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalumu la Katiba? Tulipiga kura ya siri. Upande wa Rasimu ya Warioba ulishinda kwa tofauti ya kura saba.

Kabla hata sanduku halijarudishwa stoo, wenzetu wa upande wa pili walisema hawayatambui matokeo. Walioshinda wakajibu kwa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tangu siku hiyo tumeitana wasaliti na mamluki. Wapo wazee wetu wawili ambao kwa miaka mingi walipeleka kahawa kwenye chama cha msingi siku moja, kwa pikipiki moja. Msimu huu mmoja akifika kwenye mizani, mwenzake anaondoka. Tawi likifika hapo, ofisi haiwezi kuendelea kutuma matangazo ya ada kama vile hakuna kitu.

Tulikaa kimya kwa sababu tulikuwa tunakagua daftari. Leo tunasema tulichokikuta na tunatoa msimamo wetu.

*1. TULICHOKIKUTA*

Daftari lililotumika mlangoni siku ile lilikosa majina tisa ya wanachama waliolipa ada kabla ya mkutano. Stakabadhi zao zipo, nakala zake zimo kitabuni, na fedha iliingia. Wote tisa walifika na wote tisa walirudishwa mlangoni.

Kosa ni la ofisi hii. Malipo ya wiki ya mwisho hayakuhamishwa kutoka kitabu cha stakabadhi kwenda kwenye daftari. Wengine katika hao tisa wanaishi upande wa Karagwe na hulipa kwa kutuma fedha kwa simu, na malipo ya namna hiyo yalichelewa kuandikwa. Kosa la pili ni kubwa zaidi: orodha haikubandikwa ubaoni kabla ya mkutano. Ingebandikwa, wenye majina wangeliona pengo mapema na tungelirekebisha bila kelele. Tunawaomba radhi hao tisa, na tunaliomba radhi tawi zima.

Tofauti ya kura ni saba, waliozuiwa ni tisa. Hatujui wangepiga kura upande gani na hatutawauliza, maana kura ni siri. Wenye kazi ya hesabu wanajua kanuni hii: kosa dogo lisiloweza kubadilisha jumla linaandikwa, linasahihishwa, na hesabu inabaki. Kosa lililo kubwa kuliko tofauti yenyewe linarudisha hesabu mezani. Kwa hiyo kamati ya tawi imekubaliana kwamba kura hii irudiwe.

Ili pasiwepo maneno ya pembeni, tunasema wazi: wengi wetu ofisini tulipigia upande ulioshinda. Kurudia kura kunaweza kututoa ushindi mikononi. Hata hivyo ushindi wa kura saba uliopatikana kwa kuwafungia mlango watu tisa hatuwezi kuutetea mbele ya kata, na mbele yenu hatutaki kuutetea.

*2. WALIOSHINDWA WASISHANGILIE*

Wenzetu wa upande wa pili, tunaomba nanyi mtusikilize. Siku ile hamkulalamikia daftari. Hoja zenu zilikuwa mbili: kwamba kura saba si ushindi, na kwamba vijana walijaa ukumbini kuliko wazee. Hoja hizo hazina nguvu. Kanuni iliyosomwa mwanzo wa mkutano ilisema wengi wape, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipinga. Chini ya kanuni hiyo hata kura moja ni ushindi. Na kijana aliyelipa ada ana kura moja, sawa na mzee aliyelipa ada.

Kura inarudiwa kwa sababu ya majina tisa, si kwa sababu ya hasira ya mtu. Tukirudia kura kila mara upande mmoja unapochukia, tutapiga kura hadi kahawa idondoke yenyewe. Kuyachukia matokeo ni haki ya kila mtu. Kuyakataa kunahitaji ushahidi kwamba hesabu ina kasoro, na kasoro iwe ya kutosha kubadilisha jibu.

*3. DAFTARI LA TAIFA*

Baadhi yenu mmesema kwamba kurudia kura ni aibu kwa tawi. Tukumbuke taifa lilifanya nini. Tume ya Warioba ilikabidhi rasimu ya pili mwisho wa Desemba 2013. Bunge Maalumu lilianza kukaa Dodoma Februari 2014, sehemu ya wajumbe wakatoka nje mwezi Aprili, na waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015. Mwanzoni mwa mwezi huo huo, Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, alitangaza kuwa kura imeahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mfumo wa BVR haujakamilika. Kura hiyo haikupigwa. Nchi nzima ilisimama kwa sababu ya daftari, basi tawi moja kurudia mkutano mmoja si aibu.

Kinachotusumbua ni kitu kingine. Kura ya taifa isipopigwa kwa miaka mingi, watu wanaanza kuapa mapema. Kwenye kundi letu tumeshasoma ahadi za aina mbili. Mmoja anasema, "Ikipita hatutaitambua." Mwingine anasema, "Atakayeikataa atafute chama kingine." Wote wawili wanafanya butura. Wanauza kahawa ikiwa bado ni maua. Hawajaliona swali litakaloulizwa, hawajaliona daftari, hawajajua nani atahesabu, lakini wameshauza msimamo wao.

*4. MAJIRANI ZETU WALIPITA NJIA HII*

Tuanze na ng'ambo ya Mto Kagera. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilirithi ugomvi wa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ya Bunyoro ambayo Waingereza waliyaweka chini ya Buganda wakati wa vita vyao na Omukama Kabalega. Katiba ilisema wananchi wa huko wataamua wenyewe kwa kura. Kabla ya kura, upande wa Buganda ulipeleka askari wastaafu kuhamia Ndaiga ili waongeze kura zake. Serikali ikaamua watakaopiga ni wale tu waliokuwa kwenye daftari la mwaka 1962. Novemba 1964 wananchi wakachagua kurudi Bunyoro. Kabaka Mutesa, ambaye wakati huo alikuwa pia Rais wa Uganda, hakukubali kutia saini, na Waziri Mkuu Obote akatia yeye. Mwaka 1966 majeshi ya Obote yalivamia ikulu ya Kabaka, naye akakimbilia Uingereza. Kura ile haikuwa sababu pekee ya yote hayo, ila wawili hao hawakuwa tena washirika baada yake. Mnaona kwamba vita ya kwanza ilikuwa juu ya daftari, yaani nani ahesabiwe kuwa mkazi.

Twende Kenya. Novemba 2005 walipiga kura ya katiba kwa alama za ndizi na chungwa. Chungwa, yaani Hapana, lilishinda. Rais Kibaki alikuwa upande wa ndizi na alikubali kuwa ameshindwa, kisha siku chache baadaye akalivunja baraza la mawaziri. Waliounda timu ya chungwa wakajenga chama juu yake. Mwaka 2007 uchaguzi mkuu ulipofika, nchi ilikuwa imeshagawanyika, matokeo ya urais yakagombaniwa, na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza maisha. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilikuta daftari lina kasoro kubwa, likiwemo tatizo la majina ya marehemu, na ikasema hesabu zilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua kwa hakika nani alishinda urais. Fikirini hilo, ndugu zetu: watu walikufa kwa ajili ya jumla ambayo hata jaji hakuweza kuipata.

Wakenya walifanya nini baada ya hapo? Waliivunja tume ya zamani, wakaunda nyingine, wakaandikisha upya wapiga kura zaidi ya milioni 12. Agosti 2010 wakapiga tena kura ya katiba. Ndiyo ilipata kama theluthi mbili. William Ruto, aliyekuwa kinara wa Hapana, alikubali kushindwa siku iliyofuata, huku akidai mazungumzo juu ya vipengele alivyovipinga. Hakuyameza maneno yake. Aliikubali hesabu na akaendelea na hoja. Miaka 12 baadaye aliapishwa kuwa Rais chini ya katiba ileile aliyoipinga, na ushindi wake mwembamba wa mwaka 2022 ulithibitishwa na Mahakama ya Juu iliyoanzishwa na katiba hiyo. Aliyeshindwa leo huenda kesho akajificha mvua chini ya paa alilolipinga.

Na hapa nyumbani, Zanzibar. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Waliosema Ndiyo walikuwa asilimia 66.4. Theluthi moja walisema Hapana. Rais Karume na Maalim Seif walikuwa wameshapeana mikono Novemba 2009, na sheria ya kura ilipita Baraza la Wawakilishi kabla. Kwa hiyo siku ya kutangaza matokeo kila mtu alijua kitakachofuata. Tusiseme kwamba visiwa vilipona moja kwa moja. Uchaguzi wa mwaka 2015 ulifutwa na chuki ikarudi. Hata hivyo pande zilipokaa tena Desemba 2020, hazikuhitaji kuanza upya. Mlango ulikuwa umeshawekwa na wananchi wenyewe mwaka 2010.

*5. SWALI GUMU: BARA NA ZANZIBAR*

Liko swali ambalo limeulizwa mara nyingi na ofisi haikuwahi kulijibu. Sheria ya Kura ya Maoni ya mwaka 2013 inataka Katiba Inayopendekezwa iungwe mkono na zaidi ya nusu ya kura za Tanzania Bara na pia zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar. Upande mmoja ukikataa, haipiti. Mwanachama mmoja aliandika kwamba sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na Wazanzibari hawafiki milioni 2. Akauliza kwa nini wachache waweze kuwazuia wengi.

Ni swali halali, na jibu letu ni hili. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliunganisha nchi mbili, na mkataba wa watu wawili haubadilishwi na mmoja kwa sababu ana familia kubwa. Waingereza hawakuweka sharti la namna hiyo walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016. Kutoka kulipata asilimia 51.9 kwa ujumla, lakini Scotland asilimia 62 walitaka kubaki. Uingereza ilitoka rasmi Januari 2020, baada ya zaidi ya miaka mitatu ya kugombana kama kura irudiwe, kama tofauti ile inatosha, na kutoka kwenyewe maana yake nini. Scotland wengi wanalalamika hadi leo. Kiwango kilichohitaji kujadiliwa kabla ya kura kilijadiliwa baada yake.

Mwanachama asiyekubaliana nasi juu ya sharti la nusu mbili aseme sasa, alete hoja, ipelekwe kata na wilaya. Lakini asisubiri siku ya matokeo ndipo agundue kwamba sheria ilikuwa mbaya. Vivyo hivyo anayelipenda sharti hilo leo asilikane siku litakapomnyima ushindi.

*6. MSIMAMO WETU*

Ofisi inasema hivi. Kabla ya kumdai aliyeshindwa akubali, mwenye daftari afungue daftari. Hakuna mkulima wa Nkwenda wala Nyaishozi anayekubali kilo zilizopimwa nyuma ya mlango. Anasogea, anaitazama mizani, anapewa stakabadhi. Akishaona, hata kilo zikiwa chache kuliko alivyotegemea, anabeba magunia yake matupu anakwenda nyumbani. Methali ya asiyekubali kushindwa ni ya kweli, ila aliyeshika mizani hana haki ya kuisema kabla hajaonesha mizani.

Akishaonesha, deni linahamia kwa aliyeshindwa. Hapo anatakiwa kukubali hesabu hadharani, kwa mdomo wake, kisha aendelee na hoja yake kwa uhuru wote. Naye mshindi asimfukuze wala kumzomea. Hapa kwetu maneno "kura ya maoni" yana kazi mbili: ni kura ya wananchi juu ya Katiba, na ni kura ya wanachama kuwachuja wagombea. Mnajua wangapi tumewapoteza baada ya hiyo ya pili, si kwa kushindwa, bali kwa namna walivyotendewa baada ya kushindwa.

Tunajua wapo watakaosema kuwa tawi ni rahisi na taifa ni gumu; kwamba sisi tumejikagua wenyewe, lakini huko juu nani atajikagua? Hatuna jibu jepesi. Tunachojua ni kwamba hatuwezi kudai kwa taifa kitu ambacho tunakinyima tawi. Tukidai orodha ibandikwe kila kituo, na wetu ibandikwe. Tukidai fomu ya matokeo isainiwe na mawakala, na yetu isainiwe.

*7. UTARATIBU WA KURUDIA KURA*

(a) Daftari la wanachama hai litabandikwa kwenye ubao wa ofisi Jumatatu ijayo, na picha zake zitatumwa hapa.

(b) Kila mwanachama ana siku 14 za kukagua. Asiyeliona jina lake aje na stakabadhi au ujumbe wa malipo. Anayeona jina lisilostahili, likiwemo la marehemu, aseme.

(c) Baada ya siku hizo daftari litafungwa mbele ya wawakilishi wanne, wawili kila upande, nao watatia saini. Pande zote zilete majina ya wawakilishi wao kabla ya Ijumaa.

(d) Swali litakalopigiwa kura litaandikwa na wawakilishi hao kwa pamoja na kutumwa hapa kabla ya mkutano.

(e) Kura zitahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Karatasi ya matokeo itapigwa picha na kutumwa hapo hapo.

(f) Kiwango ni kilekile: zaidi ya nusu ya kura halali. Anayetaka kingine alete hoja ndani ya siku 14, si baada.

(g) Aliyeandaa daftari la mara ya kwanza, yaani ofisi hii, hatakaa mlangoni safari hii. Mlango utashikwa na wawakilishi.

*8. TUNACHOOMBA*

Kuanzia leo maneno msaliti na mamluki yasitumike tena juu ya suala hili. Atakayeyatumia ataombwa ayafute. Wazee wetu wawili tuliowataja mwanzo tunawaomba kwa heshima kubwa wakubali kuwa miongoni mwa wawakilishi wanne, kila mmoja kwa upande wake, wakae meza moja walitazame daftari moja. Tumeshawapelekea ujumbe nyumbani. Mmoja amesema atakuja. Wa pili amesema atafikiri, na sisi tunasubiri.

Baada ya kura hiyo, itakavyokuwa, maoni ya tawi yatakwenda kata yakiwa na namba za pande zote mbili, ili walioshindwa nao wasomeke.

Mwenye swali alete ofisini au aandike hapa kwa lugha ya staha.



*Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi*